Muulizeni Mteja: Dawa Hii ni ya Nani?

Meku alikufa saa kumi jioni, siku ya Jumanne, kwenye kona ya jiko letu hapa Soweto, Moshi, amevimba uso kama aliyeshambuliwa na nyuki. Alikuwa paka dume wa miaka minne na kilo nne. Tulimwita Meku, yaani mzee, kwa sababu ya masharubu yake meupe na jinsi alivyokuwa akikaa barazani asubuhi, ametulia kama mzee wa Kibosho anayesubiri kuamkiwa. Usiku wa kuamkia siku ile nilimpa nusu kidonge cha parasetamoli. Alikuwa anachechemea, bila shaka alipigana na paka wa jirani, na mwili wake ulikuwa wa moto. Nilikwenda duka la dawa nikaeleza wazi kwamba mgonjwa ni paka. Nikajibiwa: "Mpe nusu, kama mtoto."

Kama mtoto. Nimeyatafuna maneno hayo mawili tangu masika yaliyopita, na leo nayatema.

Paka si mtoto. Mtu akimeza parasetamoli, ini lake huishika dawa ile, huifungasha vizuri na kuitoa kwa njia ya mkojo. Ini la paka halina kimeng'enya cha kutosha kufanya kazi hiyo, hakuzaliwa nacho. Dawa iliyokosa pa kupita hugeuka sumu na kuvamia chembe nyekundu za damu, na damu inaacha kubeba hewa. Paka anahema lakini hewa haimfikii. Fizi zake, zilizokuwa na rangi ya waridi, zinageuka rangi ya kahawa. Uso unavimba, nyayo zinavimba. Yote haya niliyaona kwa macho yangu bila kuyaelewa, mpaka daktari wa mifugo aliponieleza kwa simu, kwa sauti ya chini, kama mtu anayetoa habari ya msiba. Miligramu 10 tu kwa kila kilo ya mwili zimewahi kumdhuru paka. Sasa piga hesabu: nusu ya kidonge cha miligramu 500 ni miligramu 250. Gawa kwa kilo nne. Nilimtia Meku zaidi ya miligramu 60 kwa kila kilo. Mkono uliomfungua kinywa ulikuwa wangu, na alikubali kwa sababu aliuzoea mkono huo.

Ipo dawa ya kuipinga sumu hiyo, asetilisisteini, ile ile wanayopewa binadamu waliomeza parasetamoli kupita kiasi. Lakini inataka saa za mwanzo kabisa. Mimi saa za mwanzo nilizitumia kulala, nikiamini nimemtibu.

Nalisema hili kwa ukali kwa sababu katika mji wetu dawa inauzwa bila muuzaji kujali inaingia katika mwili wa nani. Unataja ugonjwa, unapewa kidonge. Unataja mnyama, unapewa kidonge kile kile kimekatwa katikati. Kukata kidonge katikati si tiba! Udogo wa mwili si tatizo pekee. Mwili wenyewe ni mwingine. Asprini, ambayo nusu yake hutoka katika damu ya mtu ndani ya saa chache, katika paka nusu hiyo bado imo baada ya siku moja na nusu. Ukimpa asubuhi, ukampa jioni, ukampa kesho yake, unamrundikia. Ibuprofeni na diklofenaki humtoboa tumbo na kumharibu figo. Anayedhani hii ni deko ya wenye paka na akumbuke tumbusi wa India. Diklofenaki iliwaponya maumivu ng'ombe wa kule. Tumbusi waliokula mizoga ya ng'ombe hao wakafa kwa figo, wakafa kwa mamilioni, hata India, Nepal na Pakistan zikaanza kuipiga marufuku kwa mifugo mwaka 2006. Dawa moja, ng'ombe akasimama, ndege akaanguka. Hivyo ndivyo miili ilivyo, na kaunta isiyouliza haiwezi kujua.

Lugha yetu nayo imeshiriki kumuua mnyama huyu. Mtu aliyenusurika ajali tunasema ana roho ya paka. Usemi ule unaingia masikioni tangu utoto, tunakua tukiamini kwamba paka hafi, kwamba akiugua atajiponya, atapotea siku mbili vichakani atafune majani arudi mzima. Wengi hawarudi. Tunasema "amehama", kumbe amekufa chini ya mgomba wa mtu, peke yake.

Tupande mlimani. Ukitoka Soweto kwenda Machame, Kibosho, Uru au Marangu, utakuta kihamba, shamba la nyumbani, baada ya kihamba, na katika vingi vyake kuna ng'ombe mmoja au wawili wa maziwa wamefungwa bandani, wanakatiwa majani na majani ya mgomba. Kwa hiyo karibu kila penye maduka lipo duka la dawa za mifugo, na katika nyumba nyingi ipo chupa ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, imefungwa kwa kitambaa, imewekwa juu ya kabati au kwenye kona ya stoo. Paka ana viroboto. Nani ataenda mjini kwa ajili ya viroboto wa paka? Kizibo kimoja cha ile dawa ndani ya ndoo, paka anachovywa, anaachiwa akajikaushe juani.

Zile dawa nyingi ni ndugu wa pareto, pareto iliyotengenezwa viwandani: permethrini, saipamethrini na jamaa zao. Ng'ombe anazistahimili. Mbwa anazistahimili. Paka hazistahimili, kwa udhaifu ule ule wa ini lake. Zitaanza ncha za masikio kutetemeka, halafu miguu, halafu mwili mzima, halafu degedege, mate yakimtiririka. Nimesikia watu wa maana kabisa wakisema paka huyo karogwa! Hakurogwa. Ameogeshwa sumu na mtu aliyempenda.

Na ukimpaka paka kitu chochote, jua umemnywesha. Paka hujilamba mwili mzima kila siku, ndiyo namna yake ya kuoga. Oili chafu ya gereji tunayowapaka wanyama wenye ukurutu, anailamba. Ile dawa nyeupe ya upele, BBE, tuliyokuwa tukipakwa utotoni mpaka tukanuka bweni zima, kwa paka ni sumu. Dawa ya kusafishia inayogeuka nyeupe kama maziwa ukiitia majini, ambayo akina mama wema humwoshea paka kidonda, nayo ni sumu kwake. Kidonda cha paka huoshwa kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo. Ni rahisi kuliko yote niliyoyataja, na hakuna kaunta iliyowahi kuniambia.

Halafu kuna sindano. Ivermektini ya ng'ombe, ile ya minyoo na kupe na ukurutu, kipimo chake ni mililita 1 kwa kilo 50 za mnyama. Paka wa kilo tatu, kwa hesabu hiyo hiyo, angestahili sehemu sita za mia za mililita moja. Hilo ni tone! Nani ana bomba la sindano la kumchomea ng'ombe linaloweza kupima tone? Anayeshika bomba hilo na kusema "nitakadiria" anacheza kamari, na anayeweka dau ni paka. Ipo pia enrofloksasini, dawa ya kuku ya kutia katika maji ya kunywa, imejaa madukani. Paka akipewa zaidi ya miligramu 5 kwa kila kilo kwa siku anaweza kupofuka macho yote mawili asione tena maisha yake yote. Mtu anamnywesha paka wake dawa ya kuku kwa sababu ana mafua, mafua yanapona, paka anaanza kugonga miguu ya viti. Na mwenye paka hatajua kamwe kilichotokea, kwa kuwa karatasi iliyo ndani ya boksi imeandikwa kwa ajili ya kuku.

Najua huduma ya mifugo nchini ilivyozaliwa, na siidharau. Ilijengwa juu ya mgongo wa ng'ombe. Sotoka ya miaka ya 1890 ilifagia mifugo ya Afrika Mashariki, watu wakafa njaa nyuma yake. Maabara ya Mpwapwa ilianzishwa mwaka 1905, enzi za Wajerumani. Yakaja majosho, ikaja vita dhidi ya ndigana kali, zikaja chanjo, na mwaka 2011 dunia ikatangaza kwamba sotoka imekwisha kabisa. Kazi kubwa ilifanyika, na mabwana mifugo waliotembea kwa miguu kutoka boma hadi boma wanastahili heshima yetu. Lakini daktari wa wanyama anayetoka Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, amesoma miaka mitano, na katika miaka hiyo amemsoma paka pia. Elimu ipo nchini. Moshi hapa hapa wapo madaktari wa mifugo wanaojua kumshika paka, kumpima joto, kumpa dawa yake kwa kipimo chake. Nimewahi kukaa kwenye benchi la mmoja wao na kuona anavyomfunga paka taulo kama mama anavyomfunga mtoto mchanga. Tatizo ni kwamba tunamfikia wa mwisho, baada ya duka la dawa, baada ya jirani, baada ya mafuta ya kupikia, na tunamletea mnyama ambaye tayari tumemuua, tukimtaka yeye afanye muujiza.

Kuna wakati jina peke yake linatupotosha. Kila mwaka tarehe 28 Septemba ni siku ya dunia ya kichaa cha mbwa. Watu wanatoka na mbwa wao kwenda kuchanja. Paka anaachwa nyumbani, maana ugonjwa unaitwa wa mbwa. Ni kweli kwamba karibu watu wote wanaokufa kwa kichaa duniani, 99 kwa kila 100, waliambukizwa na mbwa, na mbwa ni haki achanjwe kwanza. Lakini paka aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa hupata kichaa, na anarudi kulala kitandani kwa mtoto. Dalili zikishaanza, kwa paka au kwa mtoto, hakuna tena dawa. Jirani yangu aliniambia, "Chanjo ni ya mbwa, mwalimu, hata jina linasema." Ningeweza kulia.

Sasa najua nitakachoambiwa. Nimekwisha kuambiwa, tena na watu ninaowaheshimu. Watoto wanakosa dawa wewe unalilia paka. Mama mjamzito anapanga foleni hospitali ya Mawenzi, wewe unaandika kuhusu nyau.

Nisikilizeni vizuri. Paka wangu hakufa kwa umaskini. Ile nusu kidonge ilikuwa bei ya pipi. Swali ambalo lingemwokoa halina bei kabisa. Angekuwepo mtu wa kuniambia "hii usimpe, mpeleke kwa daktari wa mifugo", serikali isingepoteza hata shilingi na mtoto wa mtu asingepungukiwa hata kijiko cha dawa. Kilichomuua ni mazoea ya kukisia, na mazoea hayo hayachagui miguu miwili wala minne. Kati ya mwaka 2007 na 2008, hapa hapa Moshi, katika hospitali za KCMC na Mawenzi, watafiti waliwachunguza wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa. Zaidi ya nusu yao, 528, walikuwa wamehesabiwa kuwa na malaria. Vipimo vilipofanywa kwa makini, waliokuwa na malaria kama chanzo cha homa yao walikuwa 14. Kumi na wanne! Wengine walikuwa na magonjwa mengine, na miongoni mwao ni yale yatokayo kwa wanyama, kama homa ya mgunda na brusela. Hao walikuwa binadamu, tena wakiwa mbele ya madaktari. Je, huko kwenye kaunta, pasipo daktari wala kipimo, tunakisia kiasi gani? Anayempa paka wangu kidonge bila kufikiri ndiye atakayempa mwanao antibayotiki tatu za kuanzia na kumwambia arudi akizidiwa. Vimelea vinavyozoea dawa katika mwili wa kuku, wa paka na wa mtoto ni vile vile. Ukimtetea paka mbele ya kaunta ile, unamtetea na mwanao anayefuata kwenye foleni.

Na hata kama haingekuwa hivyo, hata kama maumivu ya paka yangekuwa ya paka peke yake, bado ningeandika. Waislamu wenzetu wa mjini hapa wanafundishwa tangu madrasa habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia bila chakula. Wahenga wakasema paka wa nyumba haingwa, maana wa nyumba ni wa nyumba. Meku alilinda magunia yetu ya mahindi misimu minne. Katika stoo ile sikuwahi kuweka sumu ya panya, ile inayotangazwa kwa kipaza sauti barabarani na kuuzwa kwa vipakiti visivyo na jina la kilichomo ndani, inayoua panya, kisha paka aliyemla panya, na siku mbaya mtoto aliyeokota kipakiti. Alinifanyia kazi ya kiume. Malipo yake yalikuwa nusu kidonge.

Sheria tunazo. Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 imeweka Baraza la kusimamia nani anaruhusiwa kutibu mnyama. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtambua mnyama kuwa kiumbe chenye hisia, na inamtaka anayemfuga asimwache ateseke. Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba inasajili dawa za watu na za mifugo pamoja. Baraza la Famasi linasimamia maduka, na wauzaji wa maduka ya dawa muhimu hupewa mafunzo kabla ya kusimama kaunta. Basi katika mafunzo hayo ongezeni nusu saa, nusu saa tu, ya kuwaeleza kwamba dawa ya maumivu ya binadamu haimpi mtu ruhusa ya kutibu paka. Na kwa maduka ya dawa za mifugo, kila chupa ya kuogeshea ng'ombe iandikwe kwa Kiswahili, kwa wino mwekundu, maneno yanayosomeka na bibi asiye na miwani: USIMPAKE PAKA. Sitaki semina hotelini. Sitaki fulana zenye nembo. Nataka maneno mawili kwenye chupa.

Nanyi wenye paka, msinisubiri nimalize na wenye mamlaka. Mjue uzito wa paka wenu. Duka la nafaka kule Mbuyuni lina mizani. Mtie paka kwenye kikapu chenye kifuniko, pima, kisha toa uzito wa kikapu, andika ukutani. Daktari akikuuliza kilo usiseme "wa kawaida". Paka akishakula au kupakwa sumu, msimmwagie maziwa kooni. Maziwa hayaui sumu, na paka mwenye degedege akinyweshwa chochote kinaingia mapafuni. Kama ilikuwa ya kupaka, mwosheni kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kisha mbio kwa daktari, na lile boksi au chupa mkononi. Paka dume anayechuchumaa na kuchuchumaa bila mkojo kutoka, hana choo kigumu, msimpe mafuta. Mkojo umeziba na anaweza kufa ndani ya siku mbili tatu. Paka ambaye hajala siku mbili si wa kusubiriwa apate hamu. Na daktari akikuandikia doksisaiklini ya kidonge, mnyweshe maji kidogo baada yake, kwa sababu kidonge kile kikikwama kavu humchoma koo.

Wauzaji wa dawa, dada zangu na kaka zangu mnaosimama tangu asubuhi mpaka usiku kwa mshahara mdogo, sina chuki nanyi. Aliyeniambia "kama mtoto" alisema kwa huruma, nakumbuka hata uso wake. Alitaka kunisaidia nisirudi mikono mitupu. Lakini huruma isiyouliza imeniachia kaburi nyuma ya nyumba, chini ya mparachichi, na binti yangu wa miaka saba ambaye hadi leo ananitazama ninapomletea kijiko cha dawa ya kikohozi na kuniuliza, "Baba, hii ni yangu?"

Nimechapisha karatasi arobaini. Zina swali linalofanana na la binti yangu kwa herufi kubwa, DAWA HII NI YA NANI?, na chini yake mstari unaosema parasetamoli inaua paka. Jumamosi nitaanza kuzibandika, duka kwa duka, kwa idhini ya wenyewe, kuanzia Soweto kushuka mpaka stendi, halafu nitapanda daladala la Kibosho na zilizobaki. Duka la kwanza ni lile nililonunulia ile nusu kidonge.